Kuanzia wiki ya 28 hadi mlango wa leba: mwongozo wa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito

Kazi kubwa ya miezi hii mitatu ni kuwahi. Mengi yanayoweza kumdhuru mama au mtoto wakati huu yana tiba, lakini tiba iko kituoni na ina saa zake. Mama anayejua wiki yake, namba zake na njia yake ya kufika hospitali huwahi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mume, dada au mama mzazi atakayekuwa naye siku hiyo.

Ijue wiki yako

Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Hedhi iliyoanza 10 Machi inakupa tarehe ya matarajio ya 17 Desemba, yaani wiki 40 kamili. Wanaojifungua siku ileile ni wachache. Mimba iliyokomaa inaweza kufika mwisho wakati wowote kuanzia wiki ya 37, kwa hiyo fedha, mkoba na usafiri viwe tayari wiki ya 36.

Kama hukumbuki hedhi yako au haina mpangilio, tegemea utrasaundi ya kwanza uliyopiga, hasa ikiwa ilipigwa kabla ya wiki ya 24. Utrasaundi ya mwezi wa nane inaweza kukosea tarehe kwa wiki mbili hadi tatu, kwa sababu wakati huo watoto wameshaanza kutofautiana ukubwa. Usikubali tarehe yako ya mwanzo ibadilishwe kwa kipimo cha mwishoni bila kuelezwa sababu. Tarehe ikisogezwa mbele kimakosa, mtoto anaweza kupitiliza muda bila mtu kujua.

Kliniki: namba za kuzijua mwenyewe

Ratiba ya Shirika la Afya Duniani inataka mahudhurio manane, na matano kati yake yamo humu: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Usitoke chumbani kabla hujaelezwa kilichoandikwa kwenye kadi yako. Ni haki yako kuuliza.

Presha ndiyo namba ya kwanza. Ikifika 140/90 au zaidi, hata kama hujisikii kuumwa, inahitaji kupimwa tena na kufuatiliwa. Ikifika 160/110, ni dharura ya siku hiyohiyo. Ili kipimo kiwe cha kweli, pumzika umeketi dakika 5, egemeza mgongo, weka nyayo zote mbili chini, mkono uwe usawa wa moyo, na usiongee wakati mashine inapima. Pamoja na presha hupimwa mkojo. Presha ya juu ikiambatana na protini kwenye mkojo ni dalili ya ugonjwa unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kuna mama anayeambiwa arudi na mkojo, akaona foleni ya maabara ni ndefu, akaenda zake nyumbani. Kipimo hicho usikiruke.

Wingi wa damu unatakiwa uwe gramu 11 kwa desilita au zaidi. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na mama wa namna hiyo akivuja damu kidogo tu wakati wa kujifungua anaweza kuzidiwa. Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma na foliki asidi, humezwa kila siku. Vimeze kwa maji pamoja na chungwa au maji ya ndimu, si kwa chai, kahawa wala maziwa. Vinywaji hivyo huzuia madini yasiingie mwilini, kwa hiyo subiri angalau saa moja ndipo unywe chai yako. Vikikuletea kichefuchefu, vimeze usiku baada ya chakula. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida, wala si sababu ya kuviacha. Wanaokula udongo wa pemba wajue kwamba nao huzuia madini ya chuma na unaweza kuleta minyoo. Tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, basi mwambie muuguzi bila aibu.

Kwenye maeneo ya malaria, dawa ya SP ya kukinga malaria hutolewa vidonge vitatu kwa mara moja, na kati ya dozi na dozi upite mwezi mmodi. Hadi kujifungua uwe umepata dozi tatu au zaidi. Inaweza kumezwa hata tumbo likiwa tupu. Anayetumia septrini kila siku kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwa sababu dawa hizo mbili hazichanganywi. Kuwa na SP hakuondoi haja ya chandarua chenye dawa.

Vipo vitu vitatu vingine vya kuvikagua kwenye kadi. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Kipimo cha VVU kirudiwe miezi hii ya mwisho hata kama cha kwanza kilikuwa safi, maana maambukizi mapya yakijulikana mapema mtoto anaweza kukingwa. Na kundi la damu liandikwe. Ukiwa na kundi lenye alama ya hasi, uliza kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, ambayo hutolewa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ana damu chanya.

Mkunga pia hupima kimo cha tumbo kwa futi kamba. Kwa sentimita, kimo hukaribiana na idadi ya wiki, kwa hiyo wiki ya 32 hutarajiwa sentimita 30 hadi 34. Kikizidi sana, huenda ni mapacha, maji mengi au sukari. Kikipungua, huenda mtoto hakui vizuri, maji ni machache au tarehe si sahihi. Kuanzia wiki ya 36 swali kubwa ni mtoto ametanguliza nini. Akitanguliza makalio au akilala kimshazari, uliza palepale utajifungulia wapi na kwa njia gani.

Kucheza kwa mtoto

Baada ya wiki ya 28 kila mtoto ana tabia yake. Kuna wa kucheza alfajiri, kuna wa kusubiri mama alale. Ijue tabia ya wako. Wapo wanaoambiwa kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia. Si kweli. Nafasi inapokuwa ndogo, mateke makali hugeuka kuwa kujinyonganyonga na kusukuma, lakini hatulii.

Kama una wasiwasi, fanya hivi:

1. Kula kitu, nenda haja ndogo, kisha lala kwa ubavu wa kushoto mahali penye utulivu.
2. Angalia saa na uiandike.
3. Hesabu kila teke, kila kujigeuza na kila kusukuma. Kwikwi usiihesabu.
4. Wengi hufika 10 mapema. Saa mbili zikipita hujafika 10, nenda kituoni wakati huohuo, hata kama ni saa nane usiku.

Na hata ukifika 10, kama moyo unakuambia leo si kama siku zote, nenda. Usisubiri kukuche, wala usitulizwe na mtu aliyesikia mapigo kwa kifaa cha nyumbani au programu ya simu. Mapigo ya mama mwenyewe husikika kwa urahisi yakadhaniwa ni ya mtoto.

Mwili wako

Lala kwa ubavu. Ukilala chali, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Ubavu wa kulia nao unafaa. Ukijikuta umeamka chali, geuka tu uendelee na usingizi wako.

Kiungulia, mgongo, kwenda haja ndogo mara kwa mara na kukosa usingizi ni vya kawaida. Kula kidogokidogo, na usilale kabla ya saa mbili kupita tangu ulipokula. Misuli ya mguu ikikaza usiku, nyoosha mguu na uvute vidole vya mguu kuelekea kwako. Usivinyooshe mbele, itakaza zaidi. Kwa choo kigumu na bawasiri, ongeza maji, mboga za majani, papai na ubwabwa wenye maharage. Matiti yanaweza kutoa dang'a, yaani maziwa ya kwanza, kabla ya wakati, na si dalili mbaya, ila usiyakamue. Miguu kuvimba jioni na kushuka asubuhi nako ni kawaida. Uso na mikono kuvimba ghafla si kawaida. Kuwashwa sana viganja na nyayo bila upele pia si kawaida, maana huenda ni ini, na kunahitaji vipimo.

Kwa maumivu, tumia parasetamoli. Dawa nyingine za maumivu zinazouzwa dukani bila cheti, kama diklofenaki na ibuprofeni, ni hatari kwa mtoto wakati huu: zinaweza kufunga mshipa muhimu karibu na moyo wake na kupunguza maji ya uzazi. Mwambie muuza dawa kwamba una mimba hata kama tumbo linaonekana. Aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari amekuandikia mwenyewe kwa ajili ya presha ni jambo jingine. Iendeleze kama alivyokuelekeza.

Tendo la ndoa halina madhara kama hakuna damu, chupa haijapasuka na hukuambiwa kondo la nyuma limekaa chini. Mayai, samaki na nyama kula. Mtoto hazaliwi bila nywele kwa sababu mama alikula mayai.

Utajifungulia wapi

Zahanati inatosha kwa wengi. Lakini wapo wanaopaswa kupanga hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba: aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, ambaye mtoto ametanguliza makalio, mwenye presha, sukari, selimundu au upungufu mkali wa damu, aliyewahi kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, aliyezaa mara tano au zaidi, na binti mdogo ambaye nyonga zake hazijakomaa. Aliyepasuliwa awali asisubiri uchungu ushike kasi akiwa nyumbani, kwa sababu kovu linaweza kuachia.

Wengi wetu huenda kujifungulia kwa mama mzazi, hasa mimba ya kwanza. Ni jambo jema, ila safiri kabla ya wiki ya 34, chukua kadi, na uhudhurie kliniki ya huko angalau mara moja kabla ya siku yenyewe. Ndani ya basi, vituo vikipatikana shuka utembee, maana kukaa saa nyingi na miguu inayoning'inia kunaweza kugandisha damu kwenye mshipa. Kama kwenu ni mbali na barabara hukatika wakati wa mvua, uliza kama hospitali ya wilaya ina nyumba ya wajawazito kusubiria, uhamie huko wiki mbili kabla.

Kaeni chini, wewe na mwenzako, mjibu maswali haya kwa majina na kwa shilingi: Nani anatupeleka saa tisa usiku, na namba yake ya simu ni ipi? Akikosekana, nani wa pili? Fedha iko wapi, na nani mwingine anaweza kuichukua? Nani ataingia na mama? Nani atabaki na watoto? Watu wawili gani wako tayari kutoa damu? Na la muhimu kuliko yote: mume akiwa safarini, nani ana ruhusa ya kusema "twende"? Kinamama wamepoteza maisha wakisubiri simu ya mtu ipatikane. Ruhusa hiyo itolewe leo, mbele ya watu wa nyumbani wakisikia. Kwa Tanzania, hifadhi pia namba 115 ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura, ambayo hupigwa bila malipo.

Mkoba

Uliza kituo chako wanataka nini, kwa kuwa hata penye huduma bila malipo vifaa huweza kuisha. Mkoba unaokidhi vituo vingi huwa na mpira wa kujifungulia wa mita 2, glavu za upasuaji pea 4 hadi 6, pamba ya gramu 500, vibano viwili vya kitovu, wembe mpya mbili ambazo hazijafunguliwa, na mabomba mawili ya sindano. Kwa mama weka khanga nne hadi sita za zamani zilizofuliwa na kuanikwa juani, pedi kubwa, chupi za pamba, ndala, sabuni, beseni, kikombe na chupa ya chai. Kwa mtoto weka khanga laini mbili za kumkaushia, shali, kofia, soksi na nguo mbili tatu za kubadili.

Kadi ya kliniki ikae juu kabisa, pamoja na kadi ya bima kama unayo, tochi na chaji ya simu. Khanga za kumkaushia mtoto zifunge peke yake kwenye mfuko. Mtoto hupoteza joto dakika za mwanzo, na muda huo hakuna wa kuanza kupekua mkoba.

Dalili za kutosubiri

Nenda kituoni mara moja ukiona lolote kati ya haya:

– damu inayotiririka au kulowesha pedi, iwe na maumivu au bila maumivu;
– kichwa kuuma sana bila kutulia, kuona maluweluwe, au maumivu makali kwenye chembe ya moyo;
– tumbo kuwa gumu kama ubao na kuuma bila kuachia;
– degedege au kupoteza fahamu;
– homa, au kupumua kwa shida hata ukiwa umeketi;
– maji kutoka ukeni;
– mtoto kupunguza kucheza;
– uchungu kabla ya wiki ya 37.

Damu isiyo na maumivu ndiyo inayowadanganya wengi. Huenda kondo la nyuma limetangulia mlango wa kizazi, na mvujo wa kwanza ukawa mdogo, ukakata wenyewe, kisha wa pili ukaja mkubwa. Usikubali mtu yeyote akuingize vidole kabla utrasaundi haijaonyesha kondo lilipo.

Kuhusu uchungu wa mapema, kuwahi ni mapafu ya mtoto. Kabla ya wiki ya 34 zipo sindano za kuyakomaza, lakini zinahitaji muda kufanya kazi kabla hajazaliwa. Anayefika mwanzoni mwa uchungu hupata muda huo.

Wiki ya 40 ikipita

Usikae nyumbani kwa kuwa huumwi. Hudhuria kliniki wiki ya 40, na ikifika 41 bila uchungu, mwongozo ni kuanzishiwa uchungu hospitalini. Kadiri siku zinavyosogea, kondo la nyuma linaweza kuchoka, maji kupungua, na mtoto kujisaidia ndani.

Hapa ndipo dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, mafuta ya mbarika na vidonge vya kununua kwa siri huingia. Tunawasihi kinamama na bibi zao: msizitumie. Dawa hizo za kuchemsha hazina kipimo. Zinaweza kuukaza mji wa mimba mfululizo bila kuachia, mtoto akakosa hewa au mji ukapasuka. Hospitalini dawa ya uchungu hupimwa tone kwa tone huku mapigo ya mtoto yakisikilizwa. Kama umeshakunywa kitu, mwambie mkunga. Akijua hataongeza dawa juu ya dawa.

Uchungu wenyewe

Wiki za mwisho tumbo hukaza na kuachia. Uchungu wa majaribio hauna mpangilio, uko zaidi mbele, na hutulia ukinywa maji, ukitembea au ukibadili mkao. Uchungu wa kweli huanzia kiunoni ukazunguka mbele, hukaribiana, huongezeka nguvu, na kutembea hakuuondoi. Ute mzito wenye damu, kiasi cha kijiko, unaweza kutangulia kwa saa chache au hata siku kadhaa.

Hesabu tangu mkazo mmoja unapoanza hadi unaofuata unapoanza. Kwa mimba ya kwanza, ikiwa kituo kiko karibu na huna tatizo lolote kwenye kadi, ondoka mikazo ikifika kila dakika 5, kila mmoja ukidumu karibu dakika 1, kwa muda wa saa nzima. Aliyekwisha kuzaa aondoke mapema zaidi. Anayeishi mbali, mwenye kovu au mwenye presha aondoke mara uchungu unapoanza. Kabla ya hapo kunywa uji au chai yenye sukari, tembea, nenda haja ndogo kila baada ya saa mbili. Usisukume. Kusukuma kabla njia haijafunguka humchosha mama na kuweza kuvimbisha mlango wa kizazi.

Chupa ikipasuka, andika saa, angalia rangi na harufu, vaa pedi na uende, uchungu uwepo au usiwepo. Maji safi hayana rangi au yana weupe kidogo. Ya kijani au kahawia maana yake mtoto amejisaidia ndani, na yenye harufu mbaya ni maambukizi. Ukiona au ukihisi kitovu kimetangulia nje, piga magoti, inamisha kifua chini makalio yakiwa juu, usikirudishe ndani, na usafirishwe katika mkao huohuo au umelala ubavu makalio yameinuliwa kwa khanga.

Mtoto akitaka kutoka njiani, simamisha bajaji au gari. Mpokee taratibu bila kumvuta, mkaushe kwa khanga mwili mzima hadi alie, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, na mtoto avae kofia. Kitovu msikikate kwa chochote mlicho nacho, wala msikivute ili kondo litoke. Endeleeni na safari.

Ukifika mapokezi, toa kadi na useme mambo haya bila kusubiri kuulizwa: ni mimba ya ngapi na una wiki ngapi, uchungu umeanza saa ngapi, chupa imepasuka saa ngapi na maji yalikuwa na rangi gani, mara ya mwisho mtoto alicheza saa ngapi, umewahi kupasuliwa au kuvuja damu, na dawa zote ulizomeza tangu jana, hata zile ulizoambiwa usizitaje.